Meya ana mamlaka gani hasa? Maelezo kwa mkazi wa Mtwara na Lindi

Tangu Novemba 2025, Zohran Mamdani aliposhinda uchaguzi wa umeya wa New York, vijiwe vya Mtwara vimepata somo jipya. Kijana aliyezaliwa Kampala amepewa jiji kubwa kuliko yote Marekani, na ahadi zake anazielewa hata mzee aliyekaa barazani Mikindani: mabasi bila nauli, kodi ya pango isipande, malezi ya watoto wadogo bila malipo. Halafu mtu anageuza shingo, anautazama mtaro uliojaa taka mbele ya duka lake pale Chikongola, na swali linakuja lenyewe: sasa huyu meya wetu anafanya nini?

Swali ni halali. Majibu yake ndiyo yenye kasoro. Wapo wanaosema meya ndiye mkubwa wa mji, kwa hiyo kila kinachoharibika mjini ni uzembe wake. Wapo wanaosema meya ni pambo tu, kazi yake kuvaa joho na mkufu, kukata utepe na kupanda mti mbele ya kamera. Kambi zote mbili zinamtafuta mtu mmoja mwenye mamlaka, na kwa sheria zetu mtu huyo hayupo. Mamlaka yamewekwa kwenye kikao. Meya ni mwenye kiti cha mbele katika kikao hicho, na kiti hicho kina faida zake na mipaka yake, kama tutakavyoona.

Tuanze na nani ni nani, maana hapo ndipo watu wanapopotea mapema.

Halmashauri ni serikali ya mahali. Ina eneo lake, fedha zake, watumishi wake, na inaweza kushtaki na kushtakiwa mahakamani kwa jina lake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inazitambua serikali za mitaa katika ibara ya 145 na 146, na zile za mijini zinaendeshwa kwa sheria ya mwaka 1982 inayohusu mamlaka za miji. Mijini kuna ngazi tatu: halmashauri ya mji, manispaa na jiji. Halmashauri ya wilaya na ile ya mji huongozwa na mwenyekiti. Manispaa na jiji huongozwa na meya. Joho ni tofauti, kazi karibu ni ileile.

Tanzania Bara ina majiji sita: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma. Mtwara haimo, Lindi haimo. Kwa hiyo anayezungumzia “meya wa jiji la Mtwara” amempandisha cheo bila barua. Aliyepo ni Meya wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, na kule jirani Meya wa Manispaa ya Lindi. Wanaodhani kwamba tukipata hadhi ya jiji meya atakuwa na rungu kubwa zaidi wakumbuke Februari 2021, Serikali Kuu ilipoivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Anayetoa hadhi ndiye anayeweza kuiondoa, na si meya.

Mipaka nayo inachanganya. Wilaya ya Mtwara ni moja na Mkuu wa Wilaya ni mmoja, lakini ndani yake mna halmashauri tatu: Manispaa ya Mtwara Mikindani, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara na Halmashauri ya Mji Nanyamba. Mtu wa Nanyamba anayemlalamikia meya anamlalamikia mtu ambaye hana hata haki ya kuingiza neno kwenye bajeti yake. Yeye ana mwenyekiti wake.

Ndani ya manispaa, chombo kikubwa ni baraza la madiwani. Mtwara Mikindani ina kata 18, na kila kata inatoa diwani mmoja aliyepigiwa kura na wananchi. Wanaongezwa madiwani wanawake wa viti maalumu, wasiopungua theluthi moja ya wale wa kata, pamoja na mbunge. Hao wakishaapa wanamchagua mmoja wao awe meya kwa miaka mitano, na mwingine awe naibu meya kwa mwaka mmoja mmoja. Wewe mkazi wa Shangani au Naliendele hukumpigia kura meya. Ulimpigia diwani wako, na wenzake wakampa kiti. Kwa kawaida jina la mgombea huwa limeshapita kwenye vikao vya chama kabla halijafika ukumbini, kwa hiyo chama chenye madiwani wengi kinajua meya ni nani kabla kura hazijahesabiwa.

Mwingine ni mkurugenzi wa manispaa. Huyu hachaguliwi. Anateuliwa na Rais. Ndiye mtendaji mkuu, ndiye anayejibu kuhusu kila shilingi inayotumika, ndiye mkuu wa watumishi, na ndiye katibu wa baraza. Wakuu wa idara, watendaji wa kata na watendaji wa mitaa wote wako chini yake.

Mtu wa kusini atauelewa uhusiano wa meya na mkurugenzi akiitazama AMCOS yake, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wakati wa msimu wa korosho. Mwenyekiti wa AMCOS amechaguliwa na wanachama wenzake. Anaongoza mkutano mkuu, anaongoza bodi, jina lake linatajwa kila mahali. Lakini mizani hashiki yeye. Anayepima ni karani, anayetunza vitabu ni meneja, korosho zinapelekwa ghala kuu, bei inatoka mnadani, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima. Mkulima akipunjwa kilo atakwenda kumpigia kelele mwenyekiti, na ana haki. Mwenyekiti naye ana wajibu wa kulileta jambo mezani, kumhoji meneja mbele ya wajumbe na kuitaka bodi ichunguze. Hawezi kuinyang’anya mizani mikononi mwa karani apime upya mwenyewe. Wala hawezi kupandisha bei ya mnada kwa sababu wajumbe wamekasirika.

Meya yuko hapohapo. Lakini kuna tofauti moja, na ni kubwa. Bodi ya AMCOS ndiyo inayomwajiri meneja, na ikimchoka inamwachisha. Baraza la madiwani halikumwajiri mkurugenzi na haliwezi kumfukuza. Likishindwana naye kabisa linaweza kupitisha azimio la kutokuwa na imani naye, azimio likapanda juu hadi kwenye mamlaka iliyomteua, halafu baraza linasubiri. Huku nyuma mkurugenzi bado ndiye katibu wa vikao vyao na ndiye anayeidhinisha malipo yao ya posho. Kila meya anaingia ofisini akijua hivyo. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya mameya wengi kupenda kuelewana na mkurugenzi kuliko kumbana, na sioni haya kusema kwamba huo ni udhaifu wa mfumo wenyewe kabla hatujafika kwenye tabia ya mtu.

Kikao kinaweza nini

Ikiwa kikao ndicho chenye nguvu, basi tujue kikao kinaweza nini.

Baraza zima hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Katikati ya vikao hivyo kazi hufanywa na kamati za kudumu: ya fedha na uongozi, ya uchumi, afya na elimu, ya mipango miji na mazingira, na ya kudhibiti Ukimwi ambayo huongozwa na naibu meya. Meya ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Uongozi, nayo hukutana kila mwezi. Ukitaka kumpima meya, achana na hotuba za jukwaani, uliza huko kwenye kamati ya fedha kumetokea nini. Taarifa za mapato na matumizi zinapita pale. Pale ndipo anayeuliza “hizi fedha za ushuru wa soko mbona zimepungua mwezi huu?” anaweza kumtoa mweka hazina jasho. Na pale ndipo meya asiyesoma makabrasha anapopitisha kila kitu kwa kusema “wajumbe, tunaafiki?” halafu anaangalia saa.

Jambo la pili ni bajeti. Baraza ndilo linaloipitisha bajeti ya manispaa kabla haijapelekwa mkoani, TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa), Hazina na hatimaye bungeni. Watu husema bajeti imeshapangwa Dodoma, na kwa sehemu kubwa ni kweli: mishahara ya walimu na wauguzi, fedha za madarasa na vituo vya afya, hizo zinatoka Serikali Kuu zikiwa na kazi zake tayari. Baraza halina ubavu wa kuzigeuza. Sehemu inayobaki mikononi mwake kweli ni mapato ya ndani, yaani kile manispaa inachokusanya yenyewe.

Na mapato ya ndani ya mji wa bahari si makubwa kama watu wanavyodhani. Mkazi anaona magari ya saruji ya Dangote, anasikia habari za gesi, anaona meli za korosho bandarini, anahitimisha kwamba Manispaa inaogelea kwenye fedha. Kiwanda cha Dangote kiko nje ya mipaka ya Manispaa, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Gesi ya Msimbati na mtambo wa kuchakata wa Madimba navyo viko huko. Ada za bandari zinakwenda kwa Mamlaka ya Bandari. Ushuru wa korosho unakwenda kwa halmashauri ilikolimwa, na mikorosho mingi haiko mjini. Kodi ya majengo, ambayo zamani miji iliitegemea, ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya Serikali Kuu, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU unaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Yule anayemlaumu meya kwa makato ya LUKU ajue meya naye anakatwa.

Manispaa inabaki na leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi, vibali vya ujenzi, ada za taka, na ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo sana ya mauzo ghafi ya makampuni, haifiki hata asilimia moja. Ndiyo maana soko kwa meya si mahali pa kununulia samaki tu. Soko la Chuno likijaa wafanyabiashara, kamati ya fedha inapumua. Stendi ya Mkanaledi ikikusanya vibaya, kuna zahanati itakayokosa bati.

Katika mapato hayo ya ndani sheria imeshatenga fungu: asilimia 10 ni ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya malalamiko mengi ya vikundi hewa na marejesho hafifu, ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Natamani mameya wangeacha kuitangaza kana kwamba inatoka mfukoni mwao. Siku ya kukabidhi hundi kubwa ya kadibodi, akina mama wanapiga vigelegele wakimshukuru mstahiki kwa huruma yake, na hakuna anayesimama kuwaambia kwamba hiyo ni haki yao kisheria, na kwamba asiyeitenga ndiye anayepaswa kujieleza.

Nguvu ya tatu ni sheria ndogo. Baraza linaweza kutunga sheria zinazohusu usafi, masoko, mifugo inayozurura, maegesho ya baiskeli, karibu kila kero ya mtaani. Lakini sheria ndogo ina safari: inajadiliwa na baraza, wananchi wanapewa nafasi ya kutoa maoni, inapata kibali cha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo haina meno. Kwa hiyo meya akisimama mkutanoni akatamka kwamba kuanzia kesho atakayetupa taka atalipa faini ya kiasi fulani, muulize kwa adabu: “Mstahiki, hiyo iko kwenye sheria ndogo ipi?” Kama haiko, ni onyo la mzazi. Na vivyo hivyo kwa upande wa pili, meya hawezi kumsamehe mtu ushuru kwa simu. Mama lishe aliyeambiwa na meya “wewe usilipe” akakutana na mkusanyaji mwenye mashine, atalipa.

Barabara yetu mbona?

Malalamiko mengi yanayomfikia meya ni ya barabara, maji na umeme. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo chini yake.

Barabara za mitaani zilikuwa kazi ya halmashauri mpaka 2017, ilipoanzishwa TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI. Tangu hapo mhandisi wa barabara za mji si mtumishi wa mkurugenzi. Baraza linapendekeza vipaumbele, TARURA inakuja kutoa taarifa mbele ya madiwani na inahojiwa, wakati mwingine kwa ukali, lakini fedha na mkataba ni vya TARURA. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, abiria wakalala njiani na bidhaa zikapanda bei, hakuna meya wa Lindi wala wa Mtwara aliyekuwa na hata koleo moja la kisheria la kuinua kwenye madaraja yale.

Maji ya Mtwara mjini ni MTUWASA, ya Lindi ni LUWASA, zote chini ya Wizara ya Maji, na bei zake hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Umeme ni TANESCO. Polisi wako chini ya Jeshi la Polisi, na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya. Manispaa ina mgambo wake wa kusimamia sheria ndogo, basi.

Afya ndiyo imegawanyika kwa namna inayomchanganya hata mtu aliyesoma. Zahanati na kituo cha afya cha kata ni vya manispaa, kwa hiyo foleni na uhaba wa dawa pale ni jambo la kumbana nalo diwani wako. Ligula ni hospitali ya rufaa ya mkoa na iko chini ya Wizara ya Afya. Sokoine ya Lindi vilevile. Ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo vilevile. Ukigombana na nesi wa Ligula, meya anaweza kukusikiliza tu, kama jirani mwema.

Lindi wana lao, la gesi ya Likong’o. Kila anapotajwa mwekezaji wa mradi wa kusindika gesi asilia, meya anaulizwa ajira zinaanza lini. Mazungumzo hayo yako kati ya Serikali na makampuni ya kigeni, Equinor na Shell yakiwamo, na manispaa haina kiti mezani. Kazi ya meya na baraza lake ni nyingine, na kwa maoni yangu ni ya maana zaidi kuliko kujibu maswali ya ajira: kupima viwanja mapema, kutenga maeneo ya masoko na shule, kuzuia mji usije ukaota kama uyoga siku mradi utakapofika. Manispaa ndiyo mamlaka ya upangaji wa eneo lake. Hapo meya hana kisingizio.

Sasa mtu atauliza, kama hiki si chake na kile si chake, joho la nini? Nami ningemjibu kwamba hata asipoimiliki barabara, meya ana sauti ambayo mkazi wa kawaida hana. Anaweza kumwita meneja wa TARURA mbele ya baraza. Anaweza kukataa kupitisha taarifa yenye namba zisizoeleweka. Anaweza kumwandikia waziri. Anaweza kuhakikisha kwamba mitaro na taka, ambavyo havihitaji kibali cha Dodoma, vinasafishwa kabla ya masika. Meya mzuri utamjua kwa mambo hayo madogo yanayochosha. Yule anayeahidi lami kila kata, ama hajui kazi yake au anajua kwamba wewe huijui.

Mkubwa ni nani, na anaondokaje

Ubishi usioisha ni huu: meya na Mkuu wa Wilaya, nani mkubwa? Hawako kwenye ngazi moja ya kupandiana. Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa Rais na anasimamia shughuli zote za Serikali Kuu wilayani. Meya ni kiongozi wa wawakilishi wa wananchi katika manispaa. Kwa sheria Mkuu wa Wilaya hapaswi kuliamuru baraza lipitishe nini. Kwa hali halisi, simu yake ikiita wengi husimama kuipokea. Kwenye sherehe ya kiserikali utaona nani anakaa kiti kipi, na usiisome sheria kutoka kwenye mpangilio wa viti.

Kuhusu kumwondoa meya, wananchi hawana kura hiyo. Wanaweza kuandamana, kuandika barua, kusaini karatasi, meya atabaki. Wanaoweza kumtoa ni madiwani, kwa sababu zilizotajwa na sheria kama vile rushwa, kutumia vibaya madaraka au mwenendo usiofaa, baada ya tuhuma kuchunguzwa na yeye kupewa nafasi ya kujitetea, na kwa kura za theluthi mbili ya wajumbe. Hesabu ya theluthi mbili si mchezo. Januari 2020 madiwani wa Jiji la Dar es Salaam walipopiga kura ya kumwondoa Meya Isaya Mwita, ubishi mkubwa uliobaki ni kama idadi hiyo ilitimia kweli.

Turudi kidogo New York, kwa sababu ulinganisho wenyewe una funzo ukifanywa sawasawa. Meya wa kule anapigiwa kura na wakazi wote wa jiji. Ndiye mkuu wa serikali ya jiji na mtendaji wake, yaani meya na mkurugenzi wetu wamewekwa ndani ya mtu mmoja. Anateua makamishna wa idara, mkuu wa polisi akiwemo. Anaandaa bajeti inayozidi dola bilioni 100, na baraza la wajumbe 51 linaipitisha. Anaweza kuzuia sheria ya baraza kwa kura yake ya turufu, nalo linaweza kuipindua kwa theluthi mbili. Bodi inayopanga kiwango cha kupanda kwa pango katika nyumba zipatazo milioni moja zenye udhibiti, wajumbe wake anawateua yeye. Hilo la pango analiweza kwa kiasi kikubwa.

Lakini mabasi? Mabasi ya New York yanaendeshwa na mamlaka ya usafiri iliyo chini ya jimbo, na mwenye sauti kubwa huko ni gavana. Kodi ya mapato ya matajiri, ambayo ingelipia ahadi nyingi, haipandi bila bunge la jimbo kule Albany. Mamdani naye ana TARURA yake.

Kenya waliamua vinginevyo kabisa. Katiba yao ya 2010 iliunda serikali za kaunti, na baada ya uchaguzi wa 2013 Nairobi haikuwa tena na meya; ina gavana aliyechaguliwa na wananchi, mwenye bajeti na mawaziri wake wa kaunti. Kwetu, serikali za mitaa zilishawahi kufutwa kabisa mwaka 1972 kwa jina la madaraka mikoani, zikarudi baadaye, mijini kwanza mwaka 1978 na kisha kwingine, baada ya kuonekana kwamba miji imeoza kwa kukosa mwenyewe. Zilirudi na mameya, lakini ufunguo wa ofisi ukabaki kwa mteule wa juu.

Mimi ni miongoni mwa wanaotaka meya apigiwe kura na wakazi wote. Najua pingamizi: meya mwenye kura za mji mzima na mkurugenzi mwenye uteuzi wa Rais wakigongana, mji utakaa gizani miaka mitano. Ni kweli, mageuzi hayo yakifanywa nusu yataleta vurugu. Basi yafanywe yote, mkurugenzi awajibike kwa baraza. Kwa sasa sheria haijafika huko, na mkazi wa Vigaeni au Mikumbi hawezi kuisubiri ndipo mtaro wake uzibuliwe.

Njia iliyopo ni hii. Kikao cha baraza ni cha wazi. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, hata kama hana haki ya kusema. Kwa kawaida huchukua siku mbili. Siku ya kwanza madiwani huwasilisha taarifa za kata zao, siku ya pili zinajadiliwa taarifa za kamati. Mara moja kwa mwaka kuna kikao maalumu cha hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Mkuu wa Mkoa huwa yupo. Hicho ndicho kitamu kuliko vyote, maana namba husomwa na watu wanatajwa.

Taarifa ya kata haitoki kichwani mwa diwani. Inatokana na kamati ya maendeleo ya kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kwa hiyo jambo lako linaanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye ule mkutano wa mtaa ambao hukwenda kwa sababu uliambiwa ni wa saa tatu ukaanza saa sita. Kwenye mkutano huo una haki ya kusomewa mapato na matumizi, na una haki ya kutaka jambo lako liandikwe kwenye muhtasari. Likishaandikwa linakwenda kata, kata inalipeleka baraza, na mbele ya baraza mkurugenzi anatakiwa kulijibu huku meya akiwa ameshika rungu la kikao. Lisipoandikwa, meya atalisikia kwako kijiweni, atatikisa kichwa, atasema amelipokea.